Sudusi ya Nini?

Ndugu msomaji, ukiwakuta watu wazima watatu wamekaa barazani, kisha ukawauliza ni somo gani walilolipenda walipokuwa shuleni na ni lipi walilolichukia, utaona jambo la ajabu. Swali la kupenda watalijibu baada ya kufikiri kidogo. Ama swali la kuchukia watalijibu pale pale, na kila mmoja atakutajia somo, darasa, na aghalabu hata mahali alipokuwa ameketi siku chuki hiyo ilipoanza. Mapenzi ya mtoto kwa somo yaweza kusahauliwa, lakini chuki yake huandikwa mahali pasipofutika upesi.

Mimi ni mmoja wa watu hao. Somo nililolipenda lilikuwa Kiswahili, na nililolichukia lilikuwa Hisabati. Niliichukia muda wa miaka thelathini na minne, mpaka usiku mmoja binti yangu aliponiuliza swali la maneno matatu, nikatambua kwamba chuki yangu ilikuwa imemdhulumu mtu, na mtu mwenyewe amekwisha kufa. Nayaandika haya si kwa kujisifu, maana hamna ndani yake la kujisifia. Nayaandika kwa sababu najua nyumba nyingi ambamo maneno niliyokuwa nikiyasema mimi yangali yakisemwa mbele ya watoto kila siku.

Nilizaliwa Nyamigogo, katika wilaya ya Biharamulo, nchi ya misitu, mahindi na maharage, ambayo kwa upande wa magharibi imepakana na Ngara. Zamani zile mkoa wetu ukiitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera uliupata mwaka 1979, baada ya vita vya Idi Amin, na mwaka huo ndio nilioingia darasa la tano. Nyumbani tulisema Kisubi, madrasa tulisoma kwa Kiarabu na kueleweshwa kwa Kiswahili, na shuleni kila kitu kilikuwa kwa Kiswahili.

Shule yetu ilikuwa imejaa watoto. Mwaka 1974 chama cha TANU kiliazimia mjini Musoma kwamba kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi, na mwaka 1977 azimio hilo likaanza kutimizwa nchi nzima. Lilikuwa jambo jema sana, kwani lau si hilo huenda mimi nisingalijua kuandika jina langu. Lakini watoto walijaa madarasani kabla ya walimu kupatikana, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wachukuliwe kwa maelfu, wafundishwe ualimu huku wenyewe wakifundisha. Walimu wetu wengine walikuwa vijana ambao ndevu zao zilikuwa hazijaota sawasawa.

Katika masomo yetu, Siasa ilipendwa na wengi kwa sababu ilikuwa na nyimbo. Somo hilo leo halifundishwi tena kwa jina lile, lakini wazee wa rika langu wangali wakikumbuka nyimbo zake. Kilimo kilipendwa na wenye nguvu na kuchukiwa na wavivu, maana darasa lake lilikuwa shamba la shule na kalamu yake jembe. Mimi nilipenda Kiswahili. Mwalimu wake alikuwa na desturi ya kutusomea kitabu kwa sauti kila Ijumaa kabla ya kengele ya mwisho, na mara nyingi kilikuwa cha Shaaban Robert. Maneno mengi hatukuyaelewa, lakini alituruhusu kunyosha mkono na kuuliza. Mtoto aliyeuliza maana ya neno hakuchekwa. Mwalimu alifunga kitabu, akaeleza, kisha akaendelea. Jambo hilo la kuuliza nakuomba, ndugu msomaji, ulikumbuke, maana nitalirudia.

Hisabati ilikuwa habari nyingine. Kila asubuhi tulianza na hesabu za kichwa. Tulisimama sote, mwalimu akitaja hesabu na kumwonyesha mtoto kwa fimbo. Aliyejibu sawa alikaa, aliyekosa alibaki amesimama, na waliobaki wamesimama hadi mwisho walipata walichokistahili kwa desturi ya siku zile. Mimi nilibaki nimesimama siku nyingi. Si kwamba sikujua saba mara nane. Nilijua nilipokuwa njiani, nilijua nilipokuwa nikichunga ng'ombe. Ila fimbo ilipoelekezwa kwangu, saba na nane zote zilinikimbia.

Siku moja mwalimu alianza mlango wa sehemu. Aliandika ubaoni moja, akapiga mstari, na chini yake akaandika sita. Akasema, "Hii ni moja ya sita. Semeni." Tukasema. Akasema, "Na hii ni moja ya nane. Semeni." Tukasema tena. Basi msichana mmoja aliyekaa dawati la mbele akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, moja ya sita ya nini?"

Darasa zima likacheka. Hatukucheka kwa kuwa tulijua jibu, hasha. Tulicheka kwa kuwa swali lenyewe lilisikika kama mchezo. Mwalimu naye akadhani anafanyiwa mchezo. Akasema, "Ya kichwa chako!" Akamwita mbele, akampiga fimbo mbili za mkononi. Msichana akarudi mahali pake, akauficha mkono wake kwapani, wala hakulia. Tangu siku ile hakuna mtoto katika darasa letu aliyeuliza tena swali la Hisabati. Tulijifunza kuandika moja ya sita, kuijumlisha na kuitoa, wala hatukujua ni moja ya sita ya nini.

Simlaumu mwalimu yule kwa chuki. Nikipiga hesabu ya miaka, nadhani hakuwa ametimiza hata ishirini na mmoja, na darasa lake lilikuwa na watoto zaidi ya sitini. Yamkini naye alipofundishwa mlango ule aliogopa kuuliza, na mtu hawezi kumpa mwenzake jibu ambalo yeye mwenyewe hakupewa.

Nilipoingia kidato cha kwanza, mwaka 1982, mambo yalizidi ugumu. Masomo niliyoyazoea kwa Kiswahili yaligeuka yote kuwa ya Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe na Siasa. Mwenzangu mmoja aliyeipenda Sayansi mno huko shule ya msingi, aliyejua viungo vya mmea na vya chura kama anavyojua vidole vyake, alinyamaza kimya miezi ile ya mwanzo. Ujuzi wake haukupungua, ila lugha ya kuuonyesha hakuwa nayo. Kufika kidato cha pili alikuwa akisema kwamba Biolojia haipendi. Hivyo ndivyo wengi wanavyopata masomo wanayoyachukia: somo halikubadilika, mlango wake ndio uliofungwa.

Nilimaliza kidato cha nne nimeanguka Hisabati na nimefaulu vizuri Kiswahili na Historia. Nikaenda chuo cha ualimu, nikawa mwalimu wa Kiswahili, na kazi hiyo nimeifanya kwa furaha. Wala sikuona kasoro yoyote. Nyumbani kwangu nikawa na maneno yangu niliyoyapenda: "Sisi katika ukoo wetu hatuna Hisabati." Nilipoletewa karatasi ya binti yangu yenye alama thelathini za Hisabati, nilicheka, nikasema, "Huyu ni damu yangu kweli." Naye akacheka. Nilidhani namfariji, kumbe namrithisha.

Nisiseme hayo kama kwamba ni ya nyumba yangu peke yake. Katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne, mwaka 2021 na mwaka 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa kama mmoja tu katika kila watahiniwa watano. Mwaka 2023 na mwaka 2024 walipanda kidogo wakawa kama mmoja katika kila wanne. Katika mitihani hiyo hiyo, watoto hao hao, waliofaulu Kiswahili walikuwa zaidi ya tisa katika kila kumi. Mtu akiniambia kwamba watoto watatu katika wanne wameumbwa bila akili ya hesabu, sitamkubali, maana watoto hao nawaona gulioni siku ya soko. Mtoto wa miaka kumi anauza maharage kwa kopo, anapokea noti, anarudisha chenji, wala hakosei hata shilingi hamsini.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Mwaka 2009 baba yangu alifariki dunia. Mungu amrehemu. Aliacha mke mmoja, naye ni mama yangu; aliacha mama yake mzazi, ambaye ni bibi yangu, naye wakati huo alikuwa amepita miaka tisini; tena aliacha watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Mali yake ilikuwa ng'ombe, duka dogo na kiwanja. Baada ya madeni kulipwa, na kwa mashauri ya jamaa wote, vitu hivyo viliuzwa, zikapatikana shilingi 8,400,000.

Tulimwendea shehe mmoja mzee, akatueleza kwa ufasaha. Akasema: mke ana thumuni, kwa kuwa marehemu ana watoto, mama ana sudusi, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Kisha akanitazama mimi, mwana mkubwa na mwalimu wa shule, akasema, "Wewe ndiwe msomi wao. Kapige hesabu."

Msomi! Neno thumuni mimi nililijua tangu utoto kuwa ni sarafu ya senti hamsini. Kwamba maana yake ni sehemu moja katika nane, nililisikia vizuri siku ile. Sikuthubutu kusema kwamba naogopa. Nikarudi nyumbani, nikafunga mlango, nikawasha taa, nikafungua daftari.

Nikagawa shilingi 8,400,000 kwa nane, nikapata 1,050,000. Hizo nikaandika za mama. Nikazitoa, zikabaki 7,350,000. Nikazigawa kwa sita, nikapata 1,225,000. Hizo nikaandika za bibi. Nikazitoa nazo, zikabaki 6,125,000. Watoto tuna mafungu saba: manne ya wanaume wawili na matatu ya wanawake watatu. Nikagawa kwa saba, nikapata 875,000 kamili, bila kubaki hata senti. Kila mwanamume 1,750,000, kila mwanamke 875,000.

Nilifurahi kupita kiasi. Niliona kwamba hesabu iliyogawanyika vizuri namna ile haiwezi kuwa na kosa. Asubuhi niliwasomea jamaa, wote wakaridhika, kila mtu akapokea chake na kuweka dole gumba. Hakuna aliyeuliza neno. Mjomba mmoja alisema, "Kweli elimu ni taa."

Bibi yangu alikuwa akiniita "mume wangu", kama ilivyo ada ya mabibi na wajukuu wao. Alipopokea fedha zake aliniambia, "Mume wangu, nataka nife nimelala chini ya bati." Tukanunua bati, misumari na mbao, na fundi akaezeka nyumba yake ya vyumba viwili. Ilipofika zamu ya jiko, fedha zilikwisha. Jiko likabaki la nyasi, na masika ya mwaka 2010 lilivuja, akawa anapika huku amejifunika gunia. Nilipomwambia kwamba nitatafuta fedha nyingine, alisema, "Acha, mume wangu. Riziki ya marehemu mwanangu imeishia hapa. Mungu ndivyo alivyopenda." Nami kwa mshahara wangu nilichelewa, nikachelewa, na mwaka 2011 bibi akafariki, jiko lingali la nyasi.

Miaka miwili ikapita. Mwaka 2013 binti yangu alikuwa kidato cha pili. Madrasa alikuwa amefika mlango wa mirathi, na mwalimu wake aliwaambia wanafunzi watafute mfano wa mirathi iliyogawanywa kweli katika jamaa zao. Nikaenda sandukuni, nikatoa daftari langu kwa fahari, nikampa. Akaketi nalo karibu na taa, akasoma mstari kwa mstari. Kisha akainua uso.

"Baba," akasema, "sudusi ya nini?"

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema, "Hapa umegawa kwa sita, lakini umegawa kilichobaki baada ya kumtoa bibi yangu." Alimkusudia mama yangu. "Mwalimu wetu alisema sudusi ni ya mali yote, si ya kilichobaki. Kinachobaki ni cha watoto peke yao."

Ndugu msomaji, nilisikia kama fimbo ile ya mwaka 1979 imeangukia mkono wangu. Nilimwona yule msichana wa dawati la mbele, amesimama na mkono wake mwembamba, anauliza: ya nini? Swali lake lilikuwa limechapwa fimbo likanyamaza, na baada ya miaka thelathini, pale nilipolihitaji kuliko siku zote, halikuja. Lau lingalikuja, lingalinizuia.

Nikamwambia binti yangu, "Ipige wewe." Akasema, "Baba, mimi na Hisabati hatupatani, si unajua." Nikamwambia, "Ipige vivyo hivyo, nami nitakaa hapa." Akachora mistari. Akasema, tunataka namba inayogawanyika kwa nane na kwa sita. Hiyo ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika, nacho ni ishirini na nne. Basi mali tuifanye mafungu ishirini na manne. Fungu moja ni shilingi 350,000. Mke ana thumuni, mafungu matatu: 1,050,000. Mama ana sudusi, mafungu manne: 1,400,000. Yanabaki mafungu kumi na saba, nayo ni 5,950,000. Hizo zigawe kwa saba: 850,000. Mwanamume 1,700,000, mwanamke 850,000. Akajumlisha zote, zikarudi 8,400,000. Akaweka kalamu chini, akanitazama kama mtu aliyekuta mlango wazi ambao siku zote aliambiwa una kufuli.

Mimi sikumtazama. Nilikuwa nikitoa 1,225,000 katika 1,400,000, nikapata 175,000. Kiasi hicho ndicho alichopunjwa bibi. Katika hicho mimi nilizidisha 50,000, ndugu yangu 50,000, na dada zangu watatu 25,000 kila mmoja. Fedha zile zingeezeka jiko lake na zingebaki. Mungu hakuwa amependa lile jiko livuje. Ni mimi niliyegawa vibaya, na mzee wa watu akasingizia riziki.

Asubuhi nilianza kuzunguka. Ndugu yangu alitoa 50,000 bila maneno. Dada yangu mmoja alisema, "Makosa ni yako, mbona nilipe mimi?" Nikamwambia, "Kosa ni langu, lakini fedha si zako." Tuliachana kwa uchungu; baada ya siku nne akanitumia kwa simu, wala hakuandika neno. Zilipotimia 175,000 nilizipeleka kwa warithi wa bibi. Baba alikuwa ametangulia kufa; waliobaki katika watoto wa bibi ni baba mdogo na shangazi. Tukakaa ukumbini kwa baba mdogo, na binti yangu nikamweka kati yetu, nikamwambia agawe yeye.

Akasema, "Shikamoo babu, shikamoo bibi." Akaitikiwa. Akaandika: mafungu matatu, mawili ya babu na moja la bibi. Fungu moja ni 58,333. Basi babu 116,666, na bibi 58,333. Akajumlisha, akakuta 174,999. Akaona haya, akasema, "Imebaki shilingi moja, haigawanyiki."

Tukacheka sote, na machozi yalikuwa karibu. Hesabu yangu ya dhuluma iligawanyika bila baki, nayo ya haki ikabakiza shilingi, ambayo hata sarafu yake haionekani tena sokoni. Shangazi akasema, "Nipeni mimi hiyo, nimsamehe nayo mwalimu." Nami msamaha wake niliupokea. Wa bibi siwezi kuupata hapa duniani.

Baada ya hayo nilimtafuta yule msichana wa dawati la mbele. Sasa ni mama wa makamo, anauza maharage gulioni. Hakuendelea na shule baada ya darasa la saba. Nilimkuta akimuuzia mchuuzi magunia matatu na madebe mawili, na kabla mchuuzi hajabonyeza simu yake kupata jumla, yeye alikuwa amekwisha kuitaja. Nilimsimulia kisa changu chote. Alisikiliza, akauangalia mkono wake, akasema, "Mimi nilitaka kujua tu. Kama ni ya mkate, kama ni ya shamba, ningeielewa." Kisha akamgeukia mteja mwingine.

Basi nimefikiri sana juu ya jambo hili, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, masomo hayakugawanywa na Mungu kuwa ya watu fulani na si ya fulani. Tunasema Hisabati ni somo la wageni, tukisahau kwamba jina la aljebra limetoka katika kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata mwaka 833. Mwanachuoni huyo alieleza kwamba hesabu yake ameiandika kwa sababu watu wanaihitaji katika mirathi, wasia, ugawaji, biashara na upimaji wa ardhi, na sehemu kubwa ya kitabu chake ni maswali ya wasia na mirathi. Kwa hakika mlango ule ulionishinda mimi usiku ule ni mmoja wa milango aliyokuwa akiifungua yeye miaka elfu moja na mia mbili iliyopita.

Wala tusiseme kwamba watu wa pande zetu hatuna kichwa cha masomo hayo. Chato ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo mpaka mwaka 2005, na huko ndiko alikotoka John Magufuli, aliyesoma Katoke, hapa hapa Biharamulo, kisha akafundisha kemia na hisabati Sengerema kabla ya kuingia katika siasa na kuwa Rais mwaka 2015. Mtu aweza kumpenda au kutompenda katika siasa zake, lakini hawezi kusema kwamba maji ya nchi hii yanaua hesabu.

Pili, mtoto akisema hapendi somo, tusikimbilie kumlazimisha wala kucheka naye. Tumwulize ilianza siku gani. Mara nyingi utakuta siku, na ndani ya siku hiyo utakuta swali lililokatazwa, au lugha isiyoeleweka, au kicheko cha wenzake. Ukilipata swali lile, umeupata ufunguo. Mtoto kupenda Historia kuliko Fizikia si kosa. Mungu ameumba vipaji mbalimbali, na taifa linawahitaji wote. Lakini kutopenda kunakotokana na kipaji ni kitu kimoja, na kutopenda kunakotokana na hofu ni kitu kingine. Kwa cha kwanza mtoto huchagua. Kwa cha pili huchaguliwa na jeraha lake.

Tatu, na hili ni la kwetu wazazi, tuangalie maneno ya mezani. Mimi nilipomwambia binti yangu kwamba ukoo wetu hauna Hisabati, nilikuwa nagawa mirathi kabla sijafa, na mirathi yenyewe ni ya hofu. Hofu haina thumuni wala sudusi. Kila mtoto huirithi nzima. Siku hizi binti yangu anaporudi nyumbani na wanawe, sikubali mtoto aulizwe kwanza "umepata ngapi?" Namwuliza, "Leo umeuliza nini?" Akisema hakuuliza kitu, tunatafuta pamoja swali la kwenda nalo kesho.

Daftari lile bado ninalo. Ukurasa wa kosa langu sikuuchana. Chini yake iko hesabu ya binti yangu, na chini ya hesabu yake ameandika kwa wino mwekundu, kama afanyavyo mwalimu: "Ya mali yote." Jiko la bibi tuliliezeka bati mwaka 2014, ingawa hakuna apikaye humo tena, shangazi huwekea kuni zake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, atusamehe tulipowapunja bila kujua, na awape watoto wetu walimu wasiochoka kuulizwa. Amin.